Mukubwa ya Programu Mwenye Kuninyima Mikro

Mbele ya kusema kintu, alikuwa anaipiga mikro kidole mara tatu, to-to-to, kisha anaipulizia sawa mutu mwenye kupoza uji. Kisha njo anafungua kinywa: "Alo, alo. Medam na mesie, ba mayo na ba tata, ledis endi jentomeni, bapendwa bote, tulieni!" Luga ine mu pumuzi moja, na hakuna hata moja yenye alifika nayo ku mwisho. Kifransa ilikuwa inamuishia ku mesie. Kiingereza inamuishia ku jentomeni. Kibemba alikuwa nayo ya soko. Kiswahili ni hii yetu ya ngambo, ya Katanga, yenye Bazambia banaisikiaka tu siku ya kununua samaki. Lakini batu bote banatulia. Hata mbuzi ya zawadi, yenye ilifungwa ku nguzo, inatulia.

Jina yake sitataja. Yee mwenyewe hakuipenda. Ukimuita ku jina, anakuangalia sawa umemuita mutu mwenye kusimama nyuma yake. "Jina iko ya kadi," anasema. "Miye niko Mukubwa ya Programu." Basi, tumuite vile, asituangalie mubaya.

Programu yenyewe ilikuwa hivi. Kwetu hapa Nchelenge, upande wa Zambia, kuko miezi yenye serikali inafunga ziwa, juu samaki izae. Hakuna kuvua. Nyavu ziko mu nyumba, mitumbwi inalala kifudifudi ku muchanga, banaume banazunguka tu ku njia, banauliza bibi zao maswali yenye haina faida. Na ile stoo kubwa ya kupimia samaki inabaki bure, iko na harufu yake tu. Mu ile stoo njo yee alianzisha soare, sherehe ya nyimbo na michezo. Mara moja ku mwaka, kuanzia saa kumi mpaka jua inaingia. Kuko kwaya, kuko mwenye kuzungusha sahani ku fimbo, kuko mwenye kumeza kamba na kuitosha tena ku pua, ile miye siangaliake. Lakini kintu yenye batu banatokea Mununga na Mwansabombwe, na yenye ba Kilwa, ile kisiwa ya mu ziwa yetu, banavukia mayi na nguo ya sherehe mu mufuko wa plastiki, ni bale benye kufananisha. Unachukua muimbaji mukubwa, ya radio. Unavaa sawa yee, unaimba sawa yee, unatembea sawa yee, mpaka kama mama yake angepita hapa, angekuuliza juu ya nini umekonda.

Na miye, mutu mwenye kuzaliwa na midomo ya batu yote mu kinywa yangu, miaka mingi sikupandaka pale ata siku moja. Yee njo alikatala.

Ngoja niwaeleze kwanza namna alikuwa, mbele niwaeleze namna alinikosea.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza radio ku soko, na ba spika, na matochi. Alikuwa na meza ndogo na kofia yenye kioo ya kuangalia bintu ndogo. Na pale ku meza, usingemutambua. Sauti ndogo! Unampelekea tochi, anasema kintu, unainama, anasema tena, unainama tena, mwisho sikio yako iko mu sahani yake ya misumari. "Papa, unasema nini?" "Nasema betri imekufa." Ni ile tu. Mutu mwenye anaweza kutuliza stoo muzima, ku betri moja anakuambia sawa anakuletea habari ya msiba. Nilimuuliza siku moja: "Papa, juu ya nini hapa unaongea sawa panya?" Akasema: "Mama, hapa hakuna mikro. Sauti ya bure bure, nani anaitaka?"

Saa ku mukono wake ilikuwa ya kufa. Ya dhahabu ya uongo, imesimama toka siku nyingi. Na hakuna mutu mwenye alisumbua batu juu ya saa sawa yee! "Artiste! Umechelewa dakika tano!" Anapiga ile saa na kidole. Artiste anaangalia, saa inaonyesha saa mbili ya asubui, na siye tuko saa kumi na moja ya magaribi. Na artiste anaomba masamaha! Ile njo ilinishangaza. Batu bazima, benye akili, banaomba masamaha ku saa ya kufa.

Bote alibaita artiste. Mwenye kumeza kamba, artiste. Mwenye kuleta viti, artiste wa viti. Miye tu aliniita Mama.

Mayi aliogopa. Mutu wa pembeni ya ziwa, anaogopa mayi! Mwaka moja alisikia kuko kijana ku kisiwa cha Kilwa mwenye kufananisha muimbaji mumoja vizuri sana. Akasema lazima aende amusikie mwenyewe, programu haiandikwe na masikio ya batu wengine. Miye nilikuwa mu ile mashua, naenda kutafuta chisense, ile samaki ndogo yenye ninauzaka. Tulipofika katikati, upepo ikaamuka, mashua ikaanza kucheza. Mukubwa ya Programu akafunga macho. Rangi yake ikawa sawa majivu. Kisha akachukua kikombe ya bati yenye tulikuwa tunatoshea mayi mu mashua, akaiweka ku kinywa, akaanza: "Alo, alo! Bapendwa! Mbele kabisa, tuko na artiste mwenye kofia ya bluu, mupigie makofi! Katikati, mama mwenye kuku mbili, moja ya kwake, moja ya wakwe! Nyuma, Mama wa chisense, mwenye ulimi murefu kupita ziwa!" Akatuita moja moja, mashua muzima, macho imefungwa vile vile. Alipomaliza, akaanza tena mwanzo. Tulipofika ku Kilwa tulikuwa tunachekelea mpaka mwenye moteri alisahau kuizima, tukapanda na mashua ku muchanga. Yee akashuka, akatapika kwa heshima nyuma ya mutumbwi, akapangusa kinywa, akauliza: "Artiste eko wapi?"

Sasa sheria zake. Alikuwa na kitabu ya programu, ya karatasi ya mistari, imefungwa na mupira wa baiskeli. Miye sikusomaka, lakini ile kitabu niliijua sawa ninajua mulango wa nyumba yangu, juu nilisimamaka mbele yake kila mwaka, wiki moja mbele ya soare.

"Andika jina yangu, Papa."

"Utafananisha nani?"

"Batu yote."

"Batu yote hapana artiste. Artiste ni mumoja."

"Basi nitafananisha afisa wa samaki." Na nikaanza pale pale. Yule afisa alikuwa anaongea na pua, anamaliza kila neno sawa mutu mwenye kufunga mulango: "Mama-e! Hii chisense-e! Umeitosha wapi-e!" Soko ikacheka. Mwenye kuuza nyanya akakaa chini.

Yee hakucheka. Alifunga kitabu. "Mama, uko unacheka batu. Pale juu hatuchekake batu. Pale juu tunabasifu."

"Kama sibapende, ningesikiliza sauti yao mpaka niijue?"

"Unabasikiliza sawa mwizi anasikiliza mulango."

Aaa, ile iliniuma! Mwaka wa pili nikafanya muuguzi wa hospitali, Mubemba, namna anaita batu ku mustari na heshima ya haraka: "Next mukwai, next mukwai, next!" Akakatala. Mwaka wa tatu nikafanya mukwe wangu wa Kilwa, mwenye kuongea na kukohoa mara moja, mpaka haujue kama amekubali ndoa ao amekwamwa na mufupa. Akakatala. "Mukwe eko mugonjwa, Mama." "Hapana mugonjwa, Papa, njo namna ya kuongea!" "Kumbe ni mubaya zaidi."

Na huyu huyu mutu wa kusifu, ku njia alikuwa anasema mubaya juu ya kila artiste wake. Huyu anaimba sawa ndoo. Yule viatu yake inamushinda. Lakini siku ya soare, ndoo akipanda juu, Mukubwa ya Programu anamuita na sauti ya kutetemeka: "Mwenye sauti ya asali!" Nilimuambia: "Papa, uko na midomo mbili." Akasema: "Moja ya kazi, moja ya kupumuzikia."

Sasa tufike ku siku yenye tuliacha kusemezana.

Mwaka ule babili walibaki ku mwisho, na batu walipaswa kuchagua. Mumoja alikuwa fundi wa kushona, mwanamuke Mubemba, mwembamba, mwenye kufananisha muimbaji wa kike wa zamani wa radio ya Zambia. Wa pili ni muchuuzi wa samaki, Mukongomani, munene, mwenye kufananisha mupiga gita mukubwa wa kwetu. Tumbo yake ilikuwa inacheza yenyewe, yee anaifwata. Wote babili balikuwa bazuri. Mbuzi moja.

Kwa kawaida anasema mu Kiswahili, "Chagueni!" na batu banapiga kelele juu ya mwenye wanamutaka. Kelele kubwa njo inashinda. Lakini siku ile bageni wa heshima balitokea Mwansabombwe, na yee akataka kuonyesha Kibemba yake. Akainua mukono. Akaita na nguvu yote: "Saleni!"

Mu Kibemba, saleni ni chagueni.

Mu Kiswahili yetu, saleni ni ombeni Mungu.

Basi! Ma bench yote ya mbele, yenye kukaa ba mama Bakongomani ya kanisa, wakainamisha kichwa. Macho ikafunga. Na hatuombake kimya siye, kila mutu na yake, sauti moja: "Baba yetu wa mbinguni, tunakushukuru kwa soare hii..." Mama mumoja karibu yangu alianza kuombea bwana yake mwenye kulewa. Nyuma Babemba banaruka, banapiga miluzi, banaita fundi wa kushona! Muchuuzi wa samaki anasimama pale juu, mikono imefunguliwa, anangoja kelele ya batu yake, na batu yake beko na Bwana.

Mukubwa ya Programu alingoja. Akapiga saa yake ya kufa. Akasema: "Kelele imesema. Mbuzi ya fundi!"

Na pale njo ba mama wakafika ku mwisho. "Amina!"

Weee! Muchuuzi akatupa gita. "Kuchagua gani hii? Batu yangu banasali!"

"Papa mwenyewe alisema tusali!" ba mama bakajibu.

"Awe mukwai, hapana, alisema tusale!" Babemba bakajibu. "Siye tumesala!"

"Na siye tumesali!"

Mutu akasukuma mutu. Mupiga ngoma wa kwaya akashika fimbo ya ngoma vibaya. Bench moja ikaanguka. Na Mukubwa ya Programu, mutu wa luga ine, alisimama na mikro ku kifua, kinywa wazi, na hakuna hata moja ilitoka.

Miye nikapanda juu ya sanduku la samaki. Sikufikiri. Nikapuliza ku ngumi yangu sawa mikro, nikatosha sauti yake, ile kubwa, ya tumbo: "Alo, alo! Medam na mesie, ba mayo na ba tata, bapendwa bote, TULIENI!"

Batu bakatulia. Balikaa! Bamoja walikaa pahali yenye bench haikuwa tena. Kisha bakaona ni miye, kicheko ikaanza nyuma, ikakuya mbele sawa mvua ku mabati. Nikaendelea na sauti yake: "Benye kusala, munyamaze. Benye kusali, mufungue macho. Mungu amesikia, sasa mbuzi inataka kusikia!" Tukachagua tena na mikono. Ikawa sawasawa, mikono ku mikono. Fundi na muchuuzi wakagawanya mbuzi, na mpaka leo banabishana nani alikamata kichwa.

Nilidhani atanishukuru. Nilishuka ku sanduku, niko najisikia mukubwa, natafuta macho yake. Akakuya karibu, akaongea na ile sauti ya panya, ya ku meza:

"Mama. Mbele ya batu yangu. Na sauti yangu."

"Papa, walikuwa watapigana."

"Sauti yangu."

Akaenda. Na ziwa ilifungwa na kufunguliwa mara tatu, hakunisemesha. Chisense alikuwa anakuya kununua kwangu tu, ile haikubadilika, lakini ananionyesha na kidole. Kidole ku kilundo, kidole mbili, maana yake bilundo mbili. Miye pia na kiburi yangu, namufungia na midomo imefungwa. Batu ya soko walikuwa banasimama kutuangalia, bazee babili, sawa bubu na bubu. Na kila mwaka soare ilikuwa inafika, na miye nakaa bench ya nyuma, na kitabu yake ilifungwa na mupira wake.

Sasa mwaka huu. Mvua ya kwanza ikamuletea kikohozi. Ikakaa. Akaenda ku hospitali, munganga akaangalia mu koo na tochi, akamuambia: haitakuua, lakini sauti imeisha. Imebaki pumuzi tu. Nilisikia ku soko, na sitadanganya, niliacha kufunga chisense, nikakaa.

Siku kidogo mbele ya soare, saa nane muchana, akakuya kwangu mu lupango, mu kiwanja ya nyumba. Shati safi, kitabu mu kwapa. Nikamupa kiti. Akaongea na pumuzi: "Mama, habari ya hapa?"

Na miye, mujinga, nikamujibu na pumuzi: "Muzuri, Papa, habari ya kwako?"

Akakunja uso. "Juu ya nini kila mutu ananijibu vile? Niko mugonjwa wa koo, siko mwizi."

Nikacheka. Na yee, nikaona bega yake inacheka, juu sauti ya kucheka pia haikuwa. Kisha akaweka kitabu ku magoti.

"Mama. Nilitafuta sauti yangu mu ba telefone ya batu. Miaka yote hii banatupiga video. Nikazunguka soko, nikaomba: munionyeshe. Unajua nini? Kila mutu anaanza kupiga wakati artiste anaanza kuimba. Miye, banakata. Mumoja tu alinipata mwisho-mwisho. 'Makofi!' Neno moja. Na kuku alilia juu yake."

Nikamuletea mayi, akakunywa.

"Bibi yangu ananiuliza, ulikuwa unaongea namna gani vile pale juu? Bajukuu zangu banaona panya tu." Akaangalia chini. "Nifanye."

"Sasa?"

"Sasa."

Nikasimama. Nikapuliza ku ngumi. Na sauti haikutoka! Miye! Iliogopa uso yake. Nikajaribu tena, ikatoka ndogo. Yee akainua kidole. "Hapana. Kwanza unaipiga mara tatu. Na usiseme 'mesie' sawa mutu mwenye njaa. Sema sawa mutu mwenye kushiba."

"Alo, alo. Medam na mesie..."

"Kifua."

"MEDAM NA MESIE! BA MAYO NA BA TATA!" Jirani akachungulia ku lupango. Kuku zikakimbia. Nikafika ku "bapendwa bote", nikamuangalia. Alikuwa amefunga macho, na midomo yake inatembea na yangu.

Akafungua macho. Kisha akafungua mupira wa baiskeli ku kitabu. Akatosha kalamu.

"Mama, useme kweli. Pale juu, utanisifu ao utanicheka?"

Nikafikiri kudanganya. Nikasema: "Yote mbili, Papa. Sijue kufanya moja bila ingine."

Alifikiri kabisa, kalamu juu. Mwisho akaandika. "Nimeandika yote mbili," akasema na pumuzi. "Na ukichelewa dakika moja, nafuta."

Siku ya soare, mikro ilikamatwa na mwalimu mumoja kijana, mwenye suti, mwenye kuongea Kiingereza ya kufika mpaka mwisho, na hakuna mutu mwenye alimusikiliza. Mwenye kumeza kamba akameza. Fundi wa kushona akaimba. Kisha mwalimu akasoma ku kitabu, akasoma tena, akasema: "Sasa... Mama wa chisense, atafananisha... Mukubwa ya Programu?"

Nilipanda. Ile juu ni juu kweli, ukiwa pale! Yee alikaa bench ya kwanza, na shati yake safi, mikono ku magoti, sawa mutoto wa siku ya kwanza ku masomo. Nikapiga mikro mara tatu. Nikapulizia. Nikamuleta.

Nilimuleta wote. Ya mikro na ya meza. Nilimuleta mu mashua na macho imefungwa. Nilimuleta anakasirikia saa. Nilileta asali na nilileta ndoo. Nilileta pia siku ya kusala na kusali, na ba mama wa bench ya mbele wakajifunika uso na bitambaa. Batu balicheka mpaka mabati ikajibu. Na pale katikati, bakaanza kuacha kucheka, moja moja, juu bamesikia ni yee kabisa, ni ile sauti, iko pale juu na inabaita tena: artiste wa viti, artiste wa ngoma, artiste mwenye kumeza kamba. Nilipomaliza, nikashusha mikro. Kisha makofi. Mama yangu! Makofi ya miguu na mikono.

Nikainama chini, polepole, sawa nilionaka artiste banafanya. Miaka yote niliingoja. Nikainama tena, nikule ile makofi vizuri. Kisha nikainua kichwa, na nikaona hakuna mutu mwenye kuniangalia.

Alikuwa amesimama pale ku bench ya kwanza, mukono moja ku kifua, anageukia ba mama, anageukia Babemba nyuma, anageukia ba Kilwa ku mulango, anainamisha kichwa ku kila upande, anapokea. Alipokea yote. Hata kofi moja hakuniachia.